KARANI WA KAUNTA NDIYE MLINZI WA BENKI: APEWE NGUVU NA HIFADHI



Katika toleo hili twataka kusema juu ya fedha chafu zinazopita katika mabenki. Twajua baadhi yenu mtashangaa. Mtauliza: chama cha wafanya kazi chahusikaje na mambo ya mabenki, nasi wengi wetu hapa Rangwe mshahara ukiingia mwisho wa mwezi, tarehe 5 umekwisha? Twawaomba msome mpaka mwisho. Jambo hili lagusa mshahara wetu, lagusa dawa za hospitali yetu, na zaidi ya yote lamgusa mfanya kazi mwenzetu aketiye nyuma ya kaunta. Sheria imemtwika mzigo mzito, na mwajiri hajampa nguvu ya kuubeba.

Rai yetu ni hii. Benki haitalindwa na karatasi zilizofungwa vizuri ofisini Nairobi. Italindwa na karani anayeweza kusema, "Bwana, fedha hizi zimetoka wapi?" bila kuogopa kufukuzwa kazi kesho yake. Hifadhi ya karani huyo ni kazi ya chama cha wafanya kazi, na yapaswa kuandikwa katika mapatano ya pamoja kama vile mshahara na likizo zinavyoandikwa.

FEDHA CHAFU HUSAFISHWAJE

Fedha chafu ni fedha zilizopatikana kwa uhalifu: rushwa, wizi wa mali ya umma, magendo, dawa za kulevya, utapeli. Mwizi wa kuku humla kuku wake usiku, jambo likaisha. Mwizi wa milioni hawezi kufanya hivyo. Akinunua nyumba kwa magunia ya noti watu watauliza. Hivyo hutafuta njia ya kuzifanya fedha zile zionekane kama za halali, na njia kubwa hupita benki.

Chukueni mfano wa zabuni ya dawa za zahanati. Kampuni iliyoandikishwa juzi, isiyo na ghala wala lori, yapewa kazi ya kuleta dawa. Dawa haziji, au zaja nusu. Malipo yaja yote. Yakiingia benki huitwa malipo ya mkandarasi, jina zuri kabisa. Kisha fedha huanza kutembea: hizi kwa shemeji, hizi kwa kampuni nyingine ya mtu yuleyule, nyingine zatolewa taslimu, nyingine zarudishwa kama mkopo. Mwisho zaonekana tena zimevaa nguo safi: nyumba za kupangisha, kituo cha petroli, ploti kando ya barabara.

Sasa angalieni ni nani anayelipa. Muuguzi wa zahanati ndiye anayetukanwa na mgonjwa kwa sababu dawa hakuna. Mwalimu aliyeweka akiba miaka 10 ili anunue ploti sokoni akuta bei imepanda, kwa maana kuna mtu anayenunua bila kuuliza bei. Mwenye duka wa haki ashindwa kuuza kwa bei ya jirani ambaye duka lake ni pazia tu la kufichia fedha, wala hajali hasara. Na msaidizi wa duka la haki ndiye wa kwanza kuambiwa kazi imekwisha. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa haya ni mambo ya matajiri peke yao.

YALIYOTOKEA MWAKA 2018

Hatusemi kwa kubahatisha. Mwaka 2018 nchi yetu ilishtuka kusikia habari za mabilioni ya Shirika la Huduma ya Vijana wa Taifa, NYS, yaliyolipwa kwa bidhaa na kazi ambazo wachunguzi walisema hazikuonekana. Fedha zile zilipita katika mabenki yenye majina makubwa. Mwezi Septemba mwaka ule Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa imezitoza faini benki tano. Twaandika hapa hesabu kama ilivyotangazwa, kwa shilingi milioni. Kwanza fedha za NYS zilizopita, kisha faini:

Standard Chartered: zilipita 1,628, faini 77.5
Equity: zilipita 886, faini 89.5
KCB: zilipita 639, faini 149.5
Co-operative: zilipita 263, faini 20
Diamond Trust: zilipita 162, faini 56

Jumla ya faini ilikuwa shilingi milioni 392.5. Benki Kuu haikusema kuwa benki hizo ziliiba. Ilisema hazikufanya kazi iliyowapasa: hazikutoa taarifa za malipo makubwa ya taslimu, hazikumchunguza mteja vya kutosha, hazikudai karatasi za kuonyesha sababu ya malipo makubwa, na hazikupeleka taarifa za malipo yenye shaka kwenye Kituo cha Taarifa za Fedha, ofisi ya serikali iliyowekwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2020 Mkurugenzi wa Mashtaka naye alitangaza kuwa benki hizohizo tano zimekubali kulipa fedha nyingine, shilingi milioni 385, ili zisishtakiwe mahakamani.

Sisi twauliza swali moja tu la mfanya kazi. Mamilioni yale hayakutoka benki kwa mabawa. Kila mara noti zilipohesabiwa, palikuwa na mtu aliyezihesabu. Je, mtu huyo hakuona? Twaamini wengi waliona. Karani wa kaunta anajua harufu ya fedha kuliko mtu yeyote. Anamjua mteja ambaye mwaka jana alikuwa akiweka shilingi elfu mbili, na leo anatoa milioni. Shida si macho. Shida ni kinywa.

KWA NINI KARANI HUNYAMAZA

Tuseme kweli namna kazi ilivyo. Karani amepewa shabaha ya mwezi: akaunti kadhaa mpya, amana kiasi fulani, mikopo kiasi fulani. Asipofikia shabaha, huitwa na kuulizwa. Wengine wako katika kazi ya mkataba wa miezi michache, na mkataba waweza usiandikwe tena bila sababu kutolewa. Mteja mkubwa hapangi foleni. Hupelekwa ofisini kwa meneja akapewa chai. Karatasi zaletwa kwa karani zikiwa na neno moja tu: "Maliza upesi."

Karani akisema kwa mdomo, "Mkubwa, malipo haya yananitia shaka," aweza kujibiwa, "Huyo namjua, endelea." Naye huendelea. Miezi 6 ikipita wachunguzi waja. Sahihi iliyo juu ya karatasi ni ya karani. Namba iliyo katika kompyuta ni ya karani. Yale maneno "Huyo namjua" hayakuandikwa popote. Meneja asema hakumbuki. Nani atapoteza kazi?

Hapa ndipo ubaya wenyewe ulipo. Karani akiuliza, mwajiri amkasirikia. Asipouliza, sheria yamshika. Mtu aliyewekwa kati ya mawe mawili namna hii hawezi kuwa mlinzi wa kitu chochote. Na benki ikitozwa faini, hulipa kutoka faida yake, kisha husema mwaka huu hakuna nyongeza ya mshahara. Huenda kosa lilifanywa juu, lakini makato yaonekana chini.

MKUMBUKENI MUNYAKEI

Wenye umri wataikumbuka Goldenberg, na vijana yafaa waisome. Katika miaka ya 1990 hadi 1993 serikali ililipa fedha nyingi sana, ati kuwa ni tuzo ya kuuza dhahabu na almasi nchi za nje. Sisi watu wa upande huu twaijua dhahabu. Twaijua Macalder kule Migori, na jasho linalomwagika kupata chembe chache. Na almasi, nani aliwahi kuchimba almasi Kenya?

Aliyefungua macho ya nchi hakuwa waziri wala jaji. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Aliona karatasi za malipo zikipita mezani pake na hesabu zisizoingia akilini, akazitoa habari zile mpaka zikafika Bungeni mwaka 1993. Malipo yake yalikuwa nini? Alikamatwa, akawekwa rumande, na ingawa mashtaka hayakumtia hatiani, kazi hakurudishiwa. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Tuzo haikumlisha. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini, kabla hajafika umri wa miaka 40.

Ndugu, kila karani wa benki katika Kenya anaijua habari hii, hata kama hajui jina la mtu. Habari hii ndiyo iliyokaa naye pale kaunta anapoletewa karatasi mbaya. Wakubwa wakiuliza kwa nini wafanya kazi hawasemi, wajiulize walimfanyia nini yule aliyesema.

HATA KWA MATAJIRI NI VIVYO HIVYO

Msidhani jambo hili ni la Afrika tu. Mwezi Oktoba 2024 benki kubwa ya Kanada, TD Bank, ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 3. Ilionekana kuwa kwa miaka mingi wakubwa wa benki ile walikataa kuongeza gharama za kazi ya kuchunguza fedha chafu, ingawa benki ilikuwa ikikua na faida ikiongezeka. Mtu mmoja alipitisha zaidi ya dola milioni 470 katika matawi yao, akiwagawia wafanya kazi kadi za zawadi ili wasiulize. Baadhi ya wafanya kazi waliona na kusema wao kwa wao kuwa mambo haya ni machafu. Fedha ziliendelea kupita.

Mafunzo hapa ni mawili. La kwanza, mwajiri anayebania fedha za uchunguzi atalipa mara nyingi zaidi baadaye. La pili latuhusu sisi: mfanya kazi anayepokea zawadi ndogo ili afumbe macho ameuza heshima ya wenzake wote. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Chama hakitamtetea mtu wa namna hiyo, na ni haki yetu kusema hivyo mapema.

SHERIA YASEMAJE

Kila mwanachama anayeshika fedha za watu yampasa kujua mambo machache. Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kuzuia Usafishaji wa Fedha ni ya mwaka 2009, nayo imerekebishwa mara kadhaa, pamoja na mwaka 2023 na 2025. Yataka benki imjue mteja wake na kazi yake. Yataka malipo makubwa ya taslimu yatolewe taarifa hata kama hayana shaka. Yataka malipo yenye shaka yatolewe taarifa hata kama ni madogo. Anayejua au kushuku na kunyamaza aweza kushtakiwa yeye mwenyewe. Tena, hairuhusiwi kumwambia mteja kuwa ametolewa taarifa. Basi maneno haya yasipelekwe hotelini wala katika matatu.

Lakini sheria hiyohiyo yasema kuwa mtu aliyetoa taarifa kwa nia njema hawezi kushtakiwa kwa kuvunja siri ya mteja. Nayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kuwa kumlalamikia mwajiri kwa haki si sababu halali ya kufukuzwa. Haya ni maneno mazuri. Lakini haki iliyo katika kitabu huhitaji mtu wa kuifuata mpaka Mahakama ya Kazi, na karani peke yake hana fedha za wakili. Hapo ndipo chama kinapotakiwa.

WANAOSEMA KUWA TWAMSUMBUA MTU MDOGO

Wako wanaosema: mkiongeza maswali katika benki, atakayesumbuliwa ni mama anayeuza omena, si mwizi wa mabilioni. Neno hili lina haki ndani yake, nasi hatulipuuzi. Tumewaona wazee wakirudishwa kwa sababu ya karatasi moja, na akina mama wakiulizwa maswali marefu juu ya karo ya mtoto. Wote twaijua ile desturi ya kudai maelezo mtu anapoweka au kutoa taslimu nyingi. Wala si sisi wa Rangwe tunaofika huko mara nyingi.

Jibu letu ni kuwa maswali yafuate hatari. Fedha kidogo za mtu anayejulikana, maswali machache. Fedha nyingi za kampuni iliyozaliwa jana, maswali mengi, na karatasi zionekane kabla noti hazijatoka. Hata shirika la kimataifa la kupambana na fedha chafu, FATF, lataka kazi ifanywe hivyo, kwa kipimo cha hatari. Ukali unaomwangukia mnyonge na kumpisha mwenye gari kubwa si ukali. Ni woga uliovaa sare.

Na tukizembea, mnyonge huumia vilevile. Februari 2024 FATF iliiweka Kenya tena katika orodha ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu kwa upungufu huu, na Juni 2025 Tume ya Umoja wa Ulaya ikatangaza kuitia Kenya katika orodha yake ya nchi za hatari kubwa. Nchi ikiwa katika orodha kama hizo, mabenki ya nje huchelewesha na kuuliza zaidi, na gharama hupanda. Anayengoja fedha kutoka kwa binti yake aliye Uingereza ndiye anayerudi sokoni mikono mitupu. Kutoka kwawezekana: Kenya ilitoka mara ya kwanza mwaka 2014, Uganda ilitoka Februari 2024, na Tanzania Juni 2025. Lakini hakuna atokaye kwa hotuba.

MAMBO TUNAYOTAKA

Twapendekeza vyama vyote vyenye wanachama wanaoshika fedha, katika mabenki, vyama vya akiba na mikopo na maduka ya wakala, vidai haya katika mapatano ya pamoja:

1. Kila karani anayetoa taarifa ya shaka apewe stakabadhi yenye tarehe na namba, akae nayo. Maneno ya mdomo yasihesabiwe kuwa taarifa, wala amri ya mdomo ya "endelea" isihesabiwe kuwa amri. Meneja anayetaka malipo yaendelee aandike na atie sahihi yake.

2. Afisa wa benki anayepokea taarifa za shaka asiwe chini ya meneja anayepimwa kwa wingi wa amana. Mbwa wa kulinda hafungwi na kamba ya mwizi.

3. Muda uliotumika kumchunguza mteja usipunguzwe katika shabaha za karani, na karani asiadhibiwe kwa kumpoteza mteja aliyekataa kueleza fedha zake.

4. Mafunzo yatolewe saa za kazi, kwa lugha ambayo mfanya kazi anaielewa, kwa karani, mlinzi wa mlangoni na msaidizi wa wakala. Tangu mwaka 2010 mabenki yameruhusiwa kutumia mawakala, na kazi ya benki imefika mpaka vibanda vya soko letu. Kijana anayekaa kibandani kwa ujira mdogo hawezi kulaumiwa kwa jambo ambalo hakufundishwa.

5. Mfanya kazi aliyetoa taarifa asihamishwe, asinyimwe mkataba mpya wala asifukuzwe kwa muda wa miaka 2 bila kesi yake kusikilizwa mbele ya mwakilishi wa chama.

6. Benki ikitozwa faini, marupurupu ya wakurugenzi yaguswe kwanza kabla ya nyongeza ya wafanya kazi.

Hakuna hata moja katika haya linaloomba sadaka. Ni kazi ya mwajiri kutoa vyombo vya kazi. Fundi hapewi ukuta bila mwiko.

NASI WENYEWE

Hatuwezi kuwadai wengine bila kujitazama. Vijana wetu wengi hawana kazi, na wako watu wanaokuja na maneno matamu: nipe kitambulisho chako nisajili laini ya simu, nifungulie akaunti kwa jina lako, pokea fedha hizi uzitume kwa fulani nawe ubaki na kidogo. Ndugu, usikubali. Wazee wetu walilazimishwa kuvaa kipande shingoni, wakapigana mpaka wakakivua. Wewe usimwuzie mtu jina lako kwa shilingi mia tano. Siku ya kukamatwa, mwenye fedha hatakuwapo; jina litakaloitwa ni lako.

Wenye vyama vya kuweka na kukopa, someni vitabu vya hesabu. Wenye maduka ya wakala, andikeni sawasawa. Mwanachama anayemwona mwenzake akitishwa kwa sababu aliuliza swali la haki, amlete kwa katibu wa tawi siku ileile, pamoja na karatasi zote alizo nazo. Asingoje barua ya kufukuzwa.

Marehemu Tom Mboya, mtoto wa Rusinga, alianza kazi Nairobi kama mkaguzi wa afya, kazi ya kuutafuta uchafu na kuutaja, kabla hajawa kiongozi wa wafanya kazi wa Kenya. Jimbo letu la Homa Bay linajua basi kuwa kazi hizi mbili zaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Karani wa benki ni mkaguzi vilevile. Asimame akijua kuwa nyuma yake kuna chama.

Tawi lizungumze haya katika mkutano ujao, na maoni yaletwe kwa maandishi kwa katibu ili yapelekwe makao makuu kabla ya mazungumzo ya mapatano mapya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umoja ni nguvu.

Mhariri, kwa niaba ya Tawi la Rangwe